Alichobakiza Muhangi

...na huyo tena ameanza, sauti yake inazitangulia sauti zote kama mbuzi aliyevishwa kengele, Evangelina, ningeijua hata ningezibwa masikio kwa nta, anaimba uani kwangu, juu ya nyasi nilizokata mimi na kuzitandaza mimi jana, anaimba ameinua kidevu, simwoni lakini najua ameinua kidevu, na mimi niko huku jikoni juu ya kigoda, kisu mkononi, chane ya tano ya ndizi mapajani, namenya, kila mtu na kazi yake, wao wameokoka na mimi namenya, kumi na wanne niliwahesabu wakiingia, wa kumi na tano ni jumbe, jumbe yule yule aliyekuja na askari kumkamata mume wangu mwaka arobaini na tisa, leo amekuja na kiti chake cha kukunja asikie mume wangu anavyotubu, Bwana asifiwe, Bwana asifiwe, walikumbatiana pale mlangoni mpaka nikadhani pana msiba, mwinjilisti Yustasi kamkumbatia Muhangi wangu, Muhangi kamkumbatia Yustasi, na Evangelina, mke wa Yustasi, akampa Muhangi mikono yote miwili, ndugu yangu, akasema, ndugu yangu Muhangi, halafu akanigeukia mimi akapiga goti kidogo, shikamoo Mama Kembabazi, shikamoo! na tumezaliwa mwaka mmoja, mwaka wa ile njaa kubwa, kaniambia mwenyewe, shikamoo ya nini kama si kuniambia wewe umechakaa mama, nenda jikoni, nikaitikia marahaba, ningefanya nini, nikaitikia nikaja kumenya.

Na ndizi hizi zina utomvu leo, mikono yote imekuwa myeusi, vidole vinanatana, yeye vidole vyake vyeupe ndani kama vya mtoto, vidole vya kushika kalamu, hapo ndipo ninapoungulia mimi, kwenye kalamu, kwa sababu Muhangi aliingia jela ya Bukoba hajui hata a, na hawa wawili, Yustasi na mkewe, walikuwa wanakwenda kule kila Jumapili baada ya ibada, wanaruhusiwa kukaa na wafungwa uani, wanawaimbia, wanawafundisha kusoma kwa kitabu cha Injili, mstari kwa mstari, kazi nzuri, sikatai, nani atakataa, lakini barua zilizonijia hapa Rugu mwaka ule wa kwanza zilikuwa za mkono wa Evangelina, mzee wa kanisa alinisomea, akavaa miwani akakohoa, Mke wangu mpendwa Kemilembe, akasoma, nikamwambia mzee rudia, akarudia, mpendwa, nikakaa na hilo neno mwezi mzima, nalala nalo, naamka nalo, maana Muhangi hakuwahi kusema mpendwa tangu anizalie... tangu nimzalie mtoto, tangu anitoe kwa baba yangu, yeye alikuwa akiniita we mwanamke, au akifurahi sana ananiita mpishi wangu, sasa hilo mpendwa lilitoka kinywani mwa nani, ni yeye alisema na yule akaandika, au yule aliona hapa panafaa mpendwa akaweka kama mtu anavyotia chumvi kwenye mboga ya mwenzake, sijui, sijamuuliza, nitamuulizaje mtu kama wewe ndiye uliyenipenda au ni mwandishi wako.

Wameacha kuimba, Yustasi anasoma kitu, sauti nzito, ...aliyekuwa amepotea... sisikii vizuri, kuni zinalia, na mtoto amelala pale kwenye ngozi, Kembabazi wangu, mdomo wazi, asiamke sasa, kila mtu aliyeingia leo amemshika kichwa akasema mtoto wa ndugu Muhangi, na mimi je, mimi nilimwokota barabarani... wiki ya tatu sasa tangu baba yake arudi, na siku aliyorudi hakuja nyumbani kwanza, hilo silisahau hata nikizikwa, lori lilimshusha Nyakahanga, wakampokea kanisani, wakaimba, akatoa ushuhuda, mimi hapa nimempaka mtoto samli, nimekaa mlangoni tangu asubuhi, wapita njia ndio wakaniambia, mumeo tumemwona, analia na ndugu zake, ndugu zake wepi, Muhangi alizaliwa peke yake, babu yake alitaka ndugu ikabidi achanje kitovuni, achovye punje ya kahawa kwenye damu na kumlisha mwenzake, ndiyo njia tuliyoijua ya kupata ndugu usiyezaliwa naye, hawa wamekuwa ndugu bila punje wala damu, kwa machozi tu, jioni ndipo akaja, amekonda, kichwa kipara, na nyuma yake watu watano, na mimi nilikuwa nimepika chakula cha watu wawili, cha watu wawili! nilikula ukoko.

Na si yule aliyeondoka, aliyeondoka alikuwa na mdomo mchafu na kicheko cha kutisha kuku, aliyerudi anakunja blanketi pembe nne kila asubuhi, analipangusa kwa kiganja, analiweka miguuni pa kitanda kana kwamba bwana jela anakuja kukagua, mtu akiingia anasimama wima, juzi aliingia mbuzi akasimama nusu, nikacheka, akacheka naye, hiyo ndiyo mara moja tuliyocheka pamoja, kwa ajili ya mbuzi, hanywi, hatukani, anachota maji, Muhangi anachota maji, wanawake kisimani wananiambia Kemilembe umepata mume mpya una bahati, nami nasema ndiyo, bahati, na moyoni nasema mume mpya wa nani, maana kabla jua halijatoka anapiga magoti upande wake wa kitanda anasali kwa majina, nimelala nimefumba macho nayahesabu, kwanza wafungwa wenzake, Anatory mwenye chongo, mzee wa Muleba anayekohoa, yule mwizi wa ng'ombe, mwingine, mwingine, ndugu Yustasi na dada Evangelina, halafu mimi, mimi ni wa saba kama nikiwahesabu mke na mume kuwa mmoja, wa saba, baada ya mwenye chongo! Nimejikuta na uke wenza na Mungu mwenyewe, kama angekuwa mwanamke mwenzangu tungegawana siku, ningejua leo kwangu kesho kwake, ningemtukana kisimani nikapumua, sasa huyu utamtukana wapi.

Haya ameanza, huyo ni Muhangi, hata jumbe hakohoi, naam, sauti yake ya sasa, ya chini, ya mtu aliyezoea kusema uani pa jela kwa zamu... Ndugu zangu na majirani, nimewaita ili niseme mbele yenu, kwa kuwa nilikosa mbele yenu... na mimi kisu kimesimama, endelea kumenya Kemilembe, usiwe kama mwizi anayetega sikio, ni nyumba yako, ni mume wako, lakini nasikiliza kwa sababu najua leo kuna nini, leo si maombi ya hivi hivi, lori linarudi Bukoba kesho kutwa, Yustasi na mkewe watapanda, na Muhangi anataka kupanda nao, mwanamume ametoka jela wiki ya tatu anatamani kurudi jela, nimeona mengi lakini hili, wanasema watamchukua awe msaidizi, atalala misheni, ataingia gerezani kila Jumapili na siku za kusoma, awaambie waliomo kwamba mtu hutoka na huwa mtu, atakuja nyumbani wakati wa kuvuna, wakati wa kuvuna! kama kibarua, nikamwambia juzi, na sisi, akasema Kemi, yule Anatory mwenye chongo nilimwacha kwenye herufi ya M, alikuwa amejua A mpaka M, ukimwacha mtu hapo anasahau zote, akasema hivyo machozi yanamlengalenga, sijawahi kumwona Muhangi amelia kwa ajili yangu, hata nilipohangaika na uchungu wa kujifungua siku mbili hakulia, alilewa, lakini mwenye chongo na herufi zake analiliwa.

Ila Yustasi ana sharti, walokole wana mila yao kama sisi tulivyo na zetu, mtu hatoki kwenda kuhubiri akiwa amebakiza jambo, lazima atembee nuruni, aseme yote, nyumbani kwake, mbele ya aliowakosea, asibakize hata punje, na majembe ya watu ayarudishe, na Muhangi amerudisha, jembe la jirani lililokuwa kwetu miaka sita hata nikadhani ni letu amelirudisha na mpini mpya... sasa hiyo yote ndiyo inayoninyima usingizi, kwa maana lipo jambo moja ambalo si lake peke yake, ni letu, lake na langu, tulilo nalo watu wawili tu duniani, na leo atalitoa, atalimimina pale kwenye nyasi zangu, jumbe alisikie, hilo la jumbe naliogopa, ndiyo, mimi si chuma, lakini ninayemwogopa zaidi si jumbe, ni yule mwenye kidevu, atalisikia, atafuta machozi kwa kitambaa chake kisafi, na litakuwa lake, kama barua, na mimi nitabaki na nini?

...nilikuwa mlevi, anasema Muhangi, mnanijua, nilianguka katika kila mfereji wa hapa Rugu... watu wanacheka kidogo, anajua kusema siku hizi, ...na nilimpiga mke wangu, nilimpiga mara mbili, mara moja siku ya mvua ya mawe, mara moja kwa sababu ya maharage... Bwana asifiwe, wanaitika, Bwana asifiwe, na Evangelina anasema oo Yesu kwa sauti ile nyembamba, oo Yesu! hata makofi yangu wamepewa, nilikuwa nimeyaficha mahali pangu, la mvua ya mawe nilikuwa nimelisamehe, la maharage bado, lilikuwa langu, ninalitoa nikitaka ninalirudisha nikitaka, sasa wote wanalo, hata huyo jumbe atakwenda kumsimulia mkewe la maharage... ndizi imenikata, hapana, kisu kimenikata, kidogo tu, nanyonya, utomvu na damu, chungu kama dawa.

Sasa anakaribia, najua anakaribia, ameshuka sauti, ...na kwenye kibanja changu pombe ya moshi ilipikwa... ilipikwa, anasema ilipikwa, nami naona siku ile yote, alasiri, nyuma ya migomba, yeye alikuwa amekanyaga ndizi tangu juzi yake kwenye mtumbwi wa pombe, kukanyaga ni kazi ya mwanamume, kukanyaga na nyasi mpaka lubisi, pombe ya ndizi, itoke, lakini kuigeuza lubisi kuwa enkonyagi, ule moshi unaogeuka maji na maji yanayowaka moto, hiyo haikuwa yake, ilikuwa yangu, bomba la shaba ni la mama yangu, alivuka nalo kivuko cha Murongo akiletwa kuolewa, limefungwa ndani ya mkeka wa bi harusi, akanifundisha, tone la kwanza mwaga, la pili onja, usiharakishe moto, na watu walitoka mbali, walikuwa wakionja wanafumba macho wanasema hii ni ya Kemilembe, hakuna aliyewahi kufumba macho kwa ajili ya mchuzi wangu, na Muhangi alijivuna, mpishi wangu, ndipo aliponiita hivyo... kisha askari wawili na jumbe wanatokea kati ya migomba, na mimi nina mtoto wa miezi mitatu mgongoni, nikalichomoa bomba kwenye pipa, nikalifunika jani la mgomba, nikalisokomeza ndani ya mbeleko, mgongoni, pamoja na mtoto, yote hayo kabla hawajaniona, na Muhangi aliniona, akanitazama, akasimama mbele ya pipa akasema kwa sauti kubwa, ni yangu, mwanamke huyu hajui kitu, ni yangu, na mimi nikanyamaza, nikanyamaza ndugu zangu, Bwana asifiwe, nikanyamaza mpaka leo.

Mwaka mmoja kwa moshi, na mwaka wa pili kwa yule askari, kwa sababu mjinga wangu hakutosheka kukamatwa, alimsukuma askari kichwa chini miguu juu ndani ya mtumbwi wa pombe, alitoka anachuruzika lubisi mpaka masikioni, kijiji kizima kilicheka, mimi sikucheka, nilimlaani Muhangi miezi na miezi kwa huo mwaka wa pili, nilikuwa nikilima peke yangu nikihesabu, huu wa kwanza ni wangu, nauelewa, alinibebea, lakini wa pili ni wa hasira zake na ulevi wake, amejitafutia, na mwaka huo wa pili ndio alioandika barua kwa mkono wake mwenyewe, kubwa kubwa, zimepinda, ndio alioimba, ndio alioitwa ndugu, kwa hiyo nikasema mwaka wa kwanza alikuwa wangu na wa pili amekuwa wao.

Ilipikwa, ndugu? anauliza Yustasi, ilipikwa na nani? mpole, mpole kama anayetoa mwiba... Kibanja ni changu, anasema Muhangi, kilichopikwa kwenye kibanja changu ni changu, na nilikinywa nikakifurahia, Mungu anisamehe kwa kukinywa na kwa kukifurahia... hakusema, Muhangi hakusema, hajadanganya na hajasema, najisikia vibaya kufurahi, nafurahi, basi, nafurahi, Evangelina hakuambulia kitu... Na yule askari, anasema Yustasi, askari wa watu, tulizungumza habari zake kule, uliniambia ungemaliza ukifika nyumbani... Ndiyo, nilimsukuma, kama angekuwa hapa ningemwomba radhi, jumbe umpelekee salamu zangu, nilimkosea, alikuwa kazini... Kwa hasira, anasema Yustasi, sema ndugu, kwa hasira na ulevi, uweke chini... na Muhangi anasema, Hapana. Si hasira. Nilikuwa sijanywa siku ile.

Si hasira? Basi kwa nini, ndugu?

Hajibu. Kuku anapita anakwaruza nyasi, nasikia kucha zake, hakuna anayemfukuza... si hasira, hajanywa, mbona alikuwa hajanywa, ni kweli, siku ya kupika hakuwa anaonja mpaka mimi niseme tayari, nilisahau hilo, nilisahau kwa kuwa nilitaka kumlaani, sasa ilikuwaje, ngoja, ilikuwaje, askari mmoja anagonga pipa, jumbe anaandika au anajifanya kuandika, askari wa pili yuko karibu nami, na mtoto analia, analia sana, mimi siku zote najua mtoto alilia kwa sababu ya ile kelele, askari kuanguka, lubisi kuruka, watu kupiga kelele, mtoto akashtuka akalia, hivyo ndivyo nilivyojisimulia miaka miwili... lakini askari alisema neno, alisema, Mbona huyo mtoto analia hivyo, mfungue tumwone... alisema hivyo, alisema akiwa mkavu, akiwa bado amesimama mbele yangu, na mkono wake ulikuja kwenye fundo la mbeleko hapa kifuani, niliuona, kucha zake, na hapo ndipo Muhangi... kilio kilitangulia, kilio kilitangulia, Kembabazi alilia kwanza, na alilia kwa sababu bomba lilikuwa la moto, jani la mgomba halikutosha, jioni nilipomfungua nilikuta paja limebabuka, hapo, lile kovu, nakuona nalo hata sasa umelala mama, dogo kama punje ya maharage, watu wote niliwaambia ni uji, na Muhangi hakuliona kwa kuwa walikuwa wameshamfunga kamba, lakini mkono wa askari aliuona, akaona fundo langu linafunguliwa, akamsukuma, wakamgeukia yeye wote, wakampiga, hakuna aliyenitazama tena, nikaondoka polepole na bomba mgongoni, mtoto analia njia nzima.

Kwa hiyo na wa pili ulikuwa wangu, mwaka wa pili nao ulikuwa wangu, yote miwili, hata huo niliokuwa nimewagawia walokole kwa hasira, ulikuwa wangu, na nililala mle nyumbani nikimlaani, na yeye kule anavunja mawe, anajifunza a, hajaandika hata mstari mmoja wa kusema nilifanya kwa ajili yako, angeandikaje, mkono ulikuwa wa Evangelina, na alipopata wake msomaji alikuwa mzee wa kanisa! hakumwambia, alikaa naye kila Jumapili, akampa makofi na maharage na jembe la jirani na mifereji yote ya Rugu, akalia, akatubu kila kitu hata vya kuchekesha, na hiki kimoja akakizungushia mkono, hakumpa mwandishi, hakumpa Yustasi, sijui hata kama amempa Mungu, maana huenda ndiyo sababu haamki akiimba kama wenzake, anaamka anakunja blanketi... wewe Kemilembe, ulikuwa unahesabu majina, wa saba, wa saba, mjinga mkubwa, jina la mtu anayefichwa hutajwa kwa sauti lini?

Sasa Yustasi, polepole, hana ukali, afadhali angekuwa na ukali... Ndugu Muhangi, unajua gerezani siku ya kwanza mtu anavuliwa nguo zote mbele ya wenzake, ulinisimulia mwenyewe, watu waliovuliwa hivyo wanamjua aliyefunika kitu, hawatakusikiliza, Anatory hatakusikiliza, sikuhukumu, lakini kwa mzigo huu kesho kutwa hatutaweza kukuchukua... na jumbe anasogeza kiti, na Muhangi, nasikia anameza mate, ukuta mzima huu wa udongo na bado nasikia anavyomeza mate, anasema, Basi, ndugu. Nitabaki nyumbani. Mfundisheni Anatory kuanzia M.

Nimeshinda. Si ndivyo, nimeshinda, hapandi lori, atakuwa hapa kesho na kesho kutwa, atachota maji, atakunja blanketi, Evangelina atapanda mbele karibu na dereva na kidevu chake, vumbi, kwaheri, nilitaka hivi, wiki tatu nimemwomba Mungu wao hivi, na amenijibu upesi kuliko anavyowajibu wao, mbona basi siwezi kumenya, zimebaki nne, siwezi, kwa sababu nilivyosikia ile basi, nimeijua, ni sauti ile ile ya ni yangu, mwanamke huyu hajui kitu, anafungwa tena, uani kwake, juu ya nyasi zangu, mbele ya jumbe yule yule, na mimi nipo nyuma ya ukuta nimenyamaza vile vile, ila bomba sasa haliko mgongoni, lipo pale juu ya mafiga, nimelichomeka kwenye nyasi za paa, jeusi kwa moshi, kila siku naliona, kila siku nasema nitalitupa mtoni Kagera, silitupi, ni la mama.

Nikisimama nikatoka nalo jumbe atafanya nini, atanipeleka, labda hatanipeleka, amekuja na kiti cha kukunja si kamba, lakini jumbe ni jumbe, jela ya wanawake wanasema wanasaga mtama mchana kutwa, na Kembabazi atabaki na nani, atabaki na baba yake, hapana, baba yake atakuwa kwenye lori, nikitoka nalo atakuwa safi, atapanda lori, nitakuwa nimempandisha mimi, kwa mkono wangu huu mweusi, karibu na yule, anakwenda kumfundisha mwenye chongo M, nisitoke, nani ananilazimisha, anabaki, amesema anabaki, amechagua yeye... miaka miwili amechagua yeye, na bado anachagua, na mimi sijachagua hata mara moja, nilisokomeza tu nikanyamaza, hata kuungua aliungua mtoto.

Anaanza tena yule, Evangelina, anaanza wimbo taratibu, wa kuwatuliza, ndivyo afanyavyo, wimbo ukishaanza jambo linazikwa vizuri, watu watakula ndizi zangu watakwenda, hapana, usiimbe wewe mwanamke, usiimbe, nimekwambia kimoyomoyo mara mia unyamaze lakini leo nakuomba, maana wewe zaidi ya wote ndiye ninayetaka usikie, ndiyo, sitaficha, kama ni kutembea nuruni basi na hili liwe nuruni, sitoki kwa ajili ya utakatifu, natoka kwa wivu, nataka uone hili bomba na ulione paja la mtoto wangu, nataka wewe mwenye mwandiko mzuri ujue mume wangu alifungwa kwa ajili ya nani, mwaka wa kwanza na wa pili, kisha mchukue, mpandishe kwenye lori lenu, mpeleke kwa mwenye chongo wake, atakuwa anakwenda kama mtu na atarudi wakati wa kuvuna kama mtu... kigoda kimenata kwenye gauni, mikono inanata, mtoto amelala, ndizi niliyoianza bado iko mkononi nusu yake ina ganda, na macho yangu yako juu kwenye paa, natafuta ilipo ile ncha ya shaba, na wimbo haujafika kwenye kiitikio, bado kidogo, Evangelina, asiimbe mtu kwanza, nakuja.